Zamu ya Mwisho ya Kuoga

Mtakaocheka chekeni, lakini haya yalinipata mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, na mke wangu Goreti ni shahidi. Hata leo nikikumbuka, hasira hunipanda kabla ya hofu.

Tulikuwa tumebanana na watoto wanne katika vyumba viwili hapa Bredäng, kwa Waswidi, na Goreti alitaka nyumba yetu wenyewe kabla hajazeeka. Ndipo Pekka, Mfini niliyefanya naye kazi Södertälje, akaanza kuusifia mji wa kwao Ufini. Mji mdogo, ziwa mlangoni, kanisa la mbao, duka moja, mwizi hakuna. Nyumba ya marehemu baba yake ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Tukavuka kwa meli na watoto, tukapita misitu hadi tukachoka. Hakudanganya. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya beseni, na sokoni walikaanga visamaki vitamu kama ndagala za kwetu Bujumbura. Ila watu wake! Unawasalimu, wanatazama viatu vyao. Goreti hakujali, alishachagua dirisha la kuweka cherehani.

Jioni, ilikuwa Jumamosi, Pekka akawasha moto wa sauna, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke, pale ufukweni. Tukaoga kwa zamu. Kisha akasema, "Zamu ya mwisho huwa tunaiacha." Kwa nini? Akajifunga taulo, akaenda zake. Mimi, mtoto wa mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura, niache kuni ziungue bure? Nikarudi peke yangu. Na msinisingizie giza: kule kiangazi jua halitaki kulala, niliona kila kitu.

Juu ya benchi ameketi mzee, mgongo umepinda. Nikamwamkia kwa Kiswidi. Akaendelea kutazama mawe ya moto. Nikachukia: mtu mzima hajui salamu? Nikamwambia kwa lugha yangu, "Shikamoo, mzee." Hapo akageuka, akasogea kunipa nafasi, akamwagia mawe maji. Mvuke ukapita katikati ya kifua chake, naapa, ukanipiga mimi usoni.

Nilitoka mbio, taulo mkononi. Pekka hakushtuka hata kidogo.

"Huyo ni baba. Huoga mwisho. Hasumbui mtu."

Hasumbui mtu! Jamani, unauzaje nyumba na baba yako yumo? Nilimwuliza hivyo hivyo, kwa ghadhabu. "Na yeye ataenda wapi?" Akainua mabega tu. Binti yangu akanivuta mkono, "Pappa, kom nu!" yaani baba, twende sasa. Tukaondoka usiku uleule, Goreti akilia njia nzima.

Nyumba wakanunua wengine. Jumamosi iliyofuata, hapa Bredäng, bafu letu likapata joto bila mtu kufungua maji, likanuka moshi wa kuni. Ndivyo ilivyo kila Jumamosi mpaka leo, na kwetu hakuna anayethubutu kuoga wa mwisho. Pekka hapokei simu zangu.

Basi ukisifiwa mji, uliza kwanza nani huoga mwisho. Na ukimkuta, funga mdomo wako, usimwamkie. Yule mzee alikosa mtu wa kumpa shikamoo, akanipata mimi. Mwanawe amekula hela ya nyumba. Baba nimeachiwa mimi, katika vyumba vilevile viwili.