Nani Alisema Kiwanda Kinafungwa?

Nakumbuka asubuhi moja kule mtaa wa Baba Dogo, mwanangu, nilipofika kibandani na sufuria yangu ya maharagwe nikakuta lori limesimama kwenye lango la kiwanda cha sabuni, vijana wanapakia mashine. Nilikuwa bado mbichi, Salim wangu hajaanza shule. Mimi na rafiki yangu Nafula, mtu wa Bungoma, tulikuwa tukipika chakula cha mchana mkabala na lango hilo, na wateja wetu karibu wote walikuwa wafanyakazi wa mle ndani. Kikifungwa kiwanda, nasi tumefungwa.

Karibu yangu alikuwa ameketi Odongo, fundi wa viatu. Nikamuuliza, "Odongo, mbona wanatoa mashine? Au wanafunga?"

"Hata mimi sijui, Mama Salim," akasema, akaendelea kushona soli.

Nilidhani maneno yameishia hapo.

Haukupita muda, Njeri muuza maziwa akanivuta kando. "Umesikia? Kampuni inafungwa mwisho wa mwezi." Kesho yake mama wa makaa akaniambia vilevile, akaongeza kwamba wafanyakazi wamekwisha kupewa barua. Jumapili Nafula naye akarudi kutoka kanisani na habari hiyohiyo. Watu watatu, mwanangu! Ningetaka shahidi gani tena? Kulikuwa na bwana aliyekuwa akikitamani kibanda chetu, auzie hapo vipuri vya pikipiki. Tukamwambia aje Ijumaa tumwachie. Nafula alilia akikunja vitambaa vya meza. Mimi sikulia, lakini usingizi ulikuwa umenihama.

Wakati huo mama mkwe wangu, Bi Zuhura, alikuwa amekuja kutoka Mombasa kutujulia hali. Alikuwa ameuza leso miaka mingi sokoni kwao. Mwanamke mpole, lakini ukimletea jambo, lazima akuulize umelitoa wapi. Nilipomweleza, hata hakuweka kikombe chini.

"Waliokwambia, wao waliambiwa na nani?"

"Mama, ni watu watatu."

"Watatu nimewasikia. Nauliza wao wamesikia wapi."

Kusema kweli nilikereka. Niliona ni maswali ya mgeni asiyejua mji huu. Yeye akavaa buibui lake, akasema, "Twende basi tukawaulize."

Tulianza kwa Njeri. Yeye alisikia kwa mama wa makaa. Nafula naye, kumbe, alisikia kwa huyohuyo mama wa makaa, maana walikuwa wakisali pamoja. Mama wa makaa tulimkuta akipima debe. Alikuwa ameambiwa na Odongo. Na zile barua? "Barua sijaziona," akasema, "lakini kampuni haiwezi kufunga bila kuandikia watu barua, ama?"

Tukaenda kwa Odongo. Alimwamkia Bi Zuhura kwa heshima.

"Marahaba, mwanangu," Bi Zuhura akasema. "Nani alikwambia kiwanda kinafungwa?"

Odongo akanitazama kwa mshangao. "Si ni huyu Mama Salim? Aliniuliza kama wanafunga. Nikasema huyu ndiye analisha hao wasee wa kiwandani, lazima kuna kitu amesikia. Nikamwambia tu mama wa makaa ajipange."

Uso uliniwaka. Swali langu mwenyewe lilikuwa limezunguka mtaa mzima, likaongezewa barua na mwisho wa mwezi, kisha likanirudia likiwa habari. Wala hakuna aliyekusudia kudanganya. Wote walikuwa watu wema waliotaka kusaidiana.

"Basi hakifungwi!" nikasema kwa furaha.

Bi Zuhura akanishika mkono. "Hilo nalo hujalijua. Ulichojua ni kwamba hawa hawajui. Mle ndani unamfahamu nani?"

Niliyemfahamu vizuri nilikuwa nikimkwepa. Aliitwa Mama Kerubo, msimamizi wa kufungasha sabuni, mteja asiyeridhika na kitu. Chapati ngumu, chumvi nyingi, maji si baridi. Alipokuja kula mchana ule nilijikaza nikamuuliza.

"Mashine zilizotoka nimeziona mwenyewe," akasema bila kuinua macho. "Ni kuukuu za sabuni za mche. Wenzangu wa upande ule wengine wameletwa kwangu, wengine wameachishwa. Wanajenga sakafu ya mashine mpya, hiyo pia nimeiona. Kama watu wataongezwa, sijui. Atakayekwambia anajua, usimsikilize. Na haya maharagwe hayajaiva."

Ijumaa bwana wa vipuri alipokuja, tulimwomba radhi, tukabaki na kibanda chetu. Hatukurudi kupika kama zamani, la. Tulipunguza sufuria, tukawa tunatazama watu wanaotoka langoni kila mchana. Tulipoteza wateja tuliowapenda, na hilo liliniuma. Kisha mashine mpya zikaja, mafundi waliozisimika wakawa wanakula kwetu, na baadaye wafanyakazi wapya. Kibanda kile kimesomesha watoto wangu na wa Nafula. Mama Kerubo aliendelea kulalamika, nami nikaanza kumwamini hata kuhusu chumvi.

Sasa wewe unataka kufungua duka Kware, na simu yako imejaa ujumbe wa watu wanaosema pale bidhaa zinatoka sana. Ni vyema kuwasikiliza. Lakini ujumbe mmoja ukitumwa na watu hamsini bado ni mdomo mmoja, basi fuata nyuma mpaka umpate aliyeona kwa macho yake. Muulize aliona lini, maana soko la mwaka jana si la leo. Tazama pia atapata nini ukimwamini. Usimpe mtu uzito kwa sababu anakupenda, wala usimdharau kwa sababu ana ulimi mkali. Anayeweza kukwambia "hapa sijui" mshike sana. Kisha nenda mwenyewe Kware, keti asubuhi, rudi jioni, uone watu wananunua nini. Na hata ukishajua, anza kidogo, macho yakiwa wazi.

Nenda, mwanangu. Mungu akukutanishe na watu wakweli, akupe subira ya kuuliza na ujasiri wa kuanza. Duka lako lisikose mteja, na nyumba yako isikose kicheko. Amina.