Maporomoko ya Leta na Miti ya Mama Wabiwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mukubwa wa biro, ofisi ya umeme kule mujini Baraka, alinipa fimbo yenye namba na kaye moja ya kuandikia. "Kijana, unasimama ndani ya muto. Asubuhi unasoma, mangaribi unasoma. Usiniandikie bongo, namba za uongo." Ndiyo ilikuwa kazi yetu: kupima maji, tujue yanaweza kuzungusha mashini ya umeme ao hapana. Ninyi vijana leo munabonyeza simu. Sisi tulilowa mpaka kiunoni.

Nilipima mito kutoka Mboko mpaka juu ya Lweba. Pale nikapata maporomoko ambayo hayapungui hata kiangazi. Udongo ulikuwa wa Leta, ndiyo serikali, lakini bamama balilima mihogo hapo tangu zamani. Moyo uliniruka! Nikaona materinite, nyumba ya kuzalia, inawaka taa.

Shefu wa mupango, mukubwa wangu wa tatu, alikuja na suruali safi, hata kwenye gari hakushuka. "Bafadhili habataki kiwanja chenye mabishano. Kisafishe."

Kwetu mupaka wa shamba ni miti iliyo hai. Mwenye shamba akiing'oa kwa mukono wake, ameachilia udongo, na hakuna wa kumurudishia. Nilijua hilo, mimi mutoto wa hapa! Na bado nilimwendea Mama Wabiwa, mujane, shamba lake lilikuwa katikati.

"Mama, ng'oa miti. Umeme ukifika, utapewa shamba lingine."

"Ni we unasema, kaka, ao ni Leta inasema?"

"Ni mimi."

Aling'oa siku ile ile, mikono ikatoka damu.

Mashini haikufika. Tuliandika rapoti juu ya rapoti, miaka ikaenda. Halafu pakazungushwa senyenge ya miiba: biro yetu ilimupa mutu mukubwa mahali pale ajenge nyumba ya kupumzikia. Mama Wabiwa akashitaki kwa shefu wa kijiji. Shefu aliuliza neno moja tu: "Nani aling'oa miti?"

"Ni mimi," akajibu, akageuka kunitazama.

Nilikaa nyuma ya mukubwa wangu, nikibakiza mwezi mumoja nistaafu. Nilitazama viatu vyangu. Woga mutupu! Shefu akakata maneno: aliyeng'oa ameachilia.

Sasa niko nyumbani. Maji yanaanguka bure, na materinite bamama banazalia kwenye tochi ya simu. Vijana mukiniuliza, nitasema maji nilipima vizuri. Batu ndio sikubapima.

Juzi nilimukuta Mama Wabiwa sokoni Baraka, anauza unga wa mihogo ya bengine. Alinipimia, akaniongezea kiganja kimoja kama anavyobafanyia bote. Heri angenitukana.