Siku Waliyosimama

Juzi, nikipita Sibwesa, harufu ya mninga mbichi ilinirudisha utotoni, siku ile kwenye kiwanda cha mbao alikofanya kazi baba. Misumeno ilikuwa kimya. Wafanyakazi walikuwa wamekaa juu ya magogo, wameapa hawanyanyuki mpaka mwenzao Sadoki, aliyefukuzwa, arudishwe.

Akaja katibu wa wafanyakazi, mtetezi wao, amevaa shati la kijani la chama tawala. Akanyoosha ngumi.

“Kidumu Chama!”

Salamu hiyo hakuna aliyethubutu kuiitikia akiwa amekaa. Wakasimama mmoja mmoja, baba wa mwisho.

“Kidumu!”

“Si mmeshasimama, ndugu zangu? Haya, kazini!”

Mimi nilidhani tumeshinda, nikapiga makofi. Baba akanishika mikono.

“Acha, mwanangu. Sadoki anatuona.”

Kweli, alikuwa getini, amevua kofia, bado anasubiri.