Mtangaza Karata Aliyekataa Kuificha Kaswende

Saa saba mchana, ukumbi wa maonyesho ya watu wazima jijini Guadalajara, Mexico, umefurika. Huku wanauza nguo za ndani zenye manyoya, kule mafuta ya kukandana. Lakini kelele kubwa kuliko zote inatoka kwenye meza ya kona, kwa bibi wa miaka sitini na saba aliyevaa aproni ya jikoni.

"Mgeni huvaa kabla ya kuingia!" anapaza sauti, karata juu. "Kondomu!"

Kicheko kinalipuka. Watu thelathini wanaweka punje za maharage juu ya picha ya kondomu kwenye vibao vyao.

Huyo ni Hermelinda Zavaleta, mtangaza karata za loteria, mchezo wa Mexico ambao mtangazaji hutaja picha kwa fumbo, na wa kwanza kujaza picha kumi na sita za kibao chake ndiye mshindi. Kwa miaka mingi alizunguka na mchezo huo kwenye sikukuu za watakatifu vijijini, akitangaza jogoo, mwezi na mlevi. Miaka tisa iliyopita akachora karata zake mwenyewe, hamsini na nne: Kondomu, Kilainishi, Ukomo wa Hedhi, Sitaki, Kaswende. Hapa analipwa peso mia sita kwa siku na chakula anajitegemea.

"Maharage ya kula na ya kuchezea nimeyatenganisha, usiwe na wasiwasi," anamtania mwandishi wa makala haya huku akikunja tortilla, chapati yake ya mahindi.

Kaswende ndiyo iliyozua balaa. Wauzaji wakubwa wanadai karata hiyo inawakata watu stimu. Asubuhi meneja wa maonyesho, kijana aitwaye Fabricio, alimjia na sharti: aitoe, la sivyo mwakani hana meza.

"Mama, watu wamekuja kustarehe," alimwambia. "Mambo ya hospitali yabaki hospitalini."

"Na hiyo starehe, mwanangu, ukishaipata unaipeleka wapi? Si nyumbani kwa mkeo?"

Ana sababu ya kuwa mkali. Mwaka 1987, kijijini San Nicasio, alijifungua mtoto wa kike aliyekwisha kufa tumboni. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa na kaswende.

"Mume wangu alijua. Daktari alijua. Mama mkwe alijua. Mimi tu ndiye niliyekuwa sijui, na mimba nilibeba mimi," anasema. "Waliona aibu kunitajia. Aibu yao ndiyo iliyomuua mwanangu. Nilishalia, nikamaliza. Sasa nina hasira."

Katika raundi ya tatu, karata zinamwishia mkononi na hakuna aliyepiga kelele za ushindi. Jambo hilo haliwezekani. Karata zote zikishatajwa, kila kibao lazima kiwe kimejaa.

"Bibi, unatuchezea!" anafoka jamaa mnene mwenye kofia pana. Kibao chake kina punje kumi na tano na pengo moja. Mkewe vilevile. Meza nzima pengo ni lile lile.

Kumwita mtangaza karata tapeli ni tusi zito, na Hermelinda hajawahi kutukanwa hivyo. Anahesabu: hamsini na tatu. Anageuka, anamwona Fabricio pembeni, macho kwenye viatu vyake. Bibi alipokwenda msalani, kijana aliichomoa. Masikini, hakujua kwamba Kaswende imechorwa kwenye kila kibao, makusudi kabisa, ili isikose mtu wa kuiulizia.

"Umenichomolea, eti?"

"Mama, mimi nili..."

"Usiniite mama! Mama hafanyiwi hivi mbele za watu."

Anapanda juu ya kiti, mikono mitupu.

"Baba anaileta, mama anaibeba, mtoto analipa! Haina kelele, haina maumivu, nyumba nzima wanaificha! Kaswende!"

Punje thelathini zinashuka kwa mpigo. Watu thelathini wanapiga yowe kwamba wameshinda, na zawadi ni moja tu. Ukumbi mzima unageuka kutazama.

Jamaa wa kofia anainama karibu na meza. "Hivi bibi... inatibika?"

"Ukiwahi, kwa sindano. Kapime kwanza. Hema la vipimo lile pale mlangoni, na mkeo umchukue, usimwache hapa anakulindia kofia."

"Nani alindie kofia?" mkewe anadakia. Ameshasimama.

Muuguzi wa hema la vipimo anasema jana walipima watu kumi na wawili. Leo, kufikia jioni, ni arobaini na mmoja.

Fabricio anairudisha karata maonyesho yanapofungwa. Anaomba radhi kwa sauti ya chini, kisha anasema uamuzi ni ule ule: mwakani meza hakuna.

"Sawa," anajibu Hermelinda, akifunga karata zake kwa mpira. "Tena umenisaidia. Nilikuwa nasita kwenda kuitangaza kule ilikofichwa kwanza; sasa sisiti."

Mwezi ujao ni sikukuu ya mtakatifu wa San Nicasio. Hajakanyaga huko tangu amzike mwanawe. Ameshaazima meza, ameshapata na mahali: mbele ya mlango wa kanisa, misa ikiisha, watu wote wakitoka.

"Wote walioninyamazia na bado wako hai watapita hapo," anasema. "Watalisikia hilo jina kwa sauti yangu. Padri akija kunifukuza, nitampa kibao na maharage yake, akae acheze."