Uzi wa Satwa

Nilijifunza kushona Tanga, kwa mama yangu, na kwetu fundi aliyemrudisha mteja kwa kuishiwa uzi hakuhesabiwa fundi. Unakwenda duka la jirani, unalinganisha rangi juani, kazi inaisha. Kiburi hicho nilikuja nacho Dubai, nikaingia nacho kiwandani kule Dubai Investments Park, tulikokuwa tunashona vifuniko vya viti vya ndege za abiria.

Pale uzi una karatasi zake. Kila koni inakuja na namba, pamoja na cheti kwamba uzi wake haushiki moto, na namba hiyo inaandikwa kwenye fomu ya kila kifuniko. Hayo yote niliyajua. Lakini siku ile uzi wa kijivu uliisha, bado vifuniko kumi na viwili. Stoo wakasema mzigo uko njiani. Msimamizi naye hakuacha kupita, "Yalla, yalla, ndege inasubiri." Mchana nikachukua teksi hadi Satwa, mtaa wa maduka ya vitambaa na nyuzi, nikarudi na koni ya rangi ile ile. Kwenye fomu nikaandika namba ya koni iliyokwisha.

Mkaguzi wetu alikuwa mzee wa Kizanzibari aliyeishi Dubai tangu ujana wake. Kazi yake ilikuwa kusoma namba kwenye koni, kuilinganisha na fomu, ndipo atie saini. Kwa wengine alifanya hivyo. Kwangu alivuta mshono kwa vidole viwili tu, akasema, "Mashallah, mkono wako haunipi shaka, mwanangu," akatia saini. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi sana.

Wiki iliyofuata kilikuja kitambaa kipya, kikajaribiwa kwa moto kama kawaida. Unaning'iniza kipande juu ya mwali, unauondoa mwali, nacho kinatakiwa kizimike chenyewe. Wenzangu walipokwenda kula, nikashona kipande kwa ule uzi wa Satwa uliobaki, nikakining'iniza. Sijui nini kilinituma. Kitambaa kilizimika. Uzi haukuzimika, moto ulipanda na mshono taratibu, hadi juu kabisa.

Vile vifuniko kumi na viwili vilikuwa vinaruka kila siku, watu wameviegemea, wamepakata watoto.

Nilimsubiri mzee nje ya chumba cha sala, nikamweleza. Hakunigombeza. Aliuliza viko safu zipi, kisha akaingia ofisini kuandika barua kwamba vivuliwe kabla ndege haijaruka tena. Nilimfuata, nikamsihi aandike kwamba nilimdanganya, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"Hilo utaliandika weye kwenye barua yako," akasema bila kuinua macho. "Mie naandika langu. Sikuitazama koni."

Vilivuliwa siku ile ile. Mimi niliandika barua yangu, nikapewa onyo la maandishi. Yeye alinyang'anywa saini, na mkaguzi asiye na saini hana kazi. Visa yake ilikuwa ya kazi, na ya mkewe ilitegemea yake, kwa hiyo wazee wale wakafunga mizigo kurudi Unguja, ambako hawakuwa tena na nyumba. Nilikwenda kuwaaga. Mkewe alinitilia chai, akaniwekea na sukari, wala hakunitazama usoni. Aibu ile sijaimaliza mpaka leo.

Ilinichukua miaka kuruhusiwa kusomea ukaguzi. Sasa saini ni yangu, na najua mafundi wananiita mkaidi wakidhani sisikii. Juzi mwenzetu mmoja wa Nakuru, fundi hodari kunishinda mimi, alinisukumia fomu yake na kifuniko kilichoshonwa kikanyooka.

"Aki madam, miaka yote hii tumefanya kazi na bado hauniamini?"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Aliumia kweli, na nilimwonea huruma.

"Nakuamini," nikamwambia. "Lete koni."