Mwadime Alikuwa Sahihi

Leo nimemtumia marehemu meseji, na imejibiwa.

Mimi na rafiki yangu Mwadime tulikuwa tunaunda lugha yetu ya kuandikia programu, hapa Voi.

Tukagombana juu ya mstari mmoja: mbuzi = mbuzi + 1, yaani namba iliyo kwenye jina mbuzi iongezwe moja.

Yeye alisema kitafsiri, ile programu inayosoma mistari yetu, kikague upande wa kulia kwanza, kione kama mbuzi ilishapewa namba. Mimi nikasema jina la kushoto liandikishwe kwanza, ukaguzi ufuate.

Nilimnunia hadi siku tulipomzika kijijini kwao, Marungu.

Leo nimejaribu njia yangu. Kitafsiri kikapitisha mbuzi isiyo na namba yoyote, majibu yakatoka takataka.

Nikamwandikia: "Ulikuwa sahihi."

Kumbe simu anayo mamake.

"Sahihi kwa nini, mwanangu? Nieleze, hata kama sitaelewa."

Nimeandika nikafuta mara nne. Nyinyi mngeanzia wapi?