Konokono wa Dimbwi la Mella

Tik.

Sauti hiyo Asekenye aliikumbuka hata alipozeeka: konokono akijiachia kutoka ukuta wa chupa, gamba lake likigonga kioo chini. Katika chumba kile kidogo cha majaribio cha Tororo, mwaka 1964, kila aliyeisikia alitabasamu. Maana yake dawa imefanya kazi.

Dawa yenyewe ilitengenezwa palepale. Asekenye aliajiriwa kuosha chupa, lakini kufikia mwaka wa pili mikono yake ndiyo iliyokuwa ikiitengeneza. Aliponda mrututu, yale mawe ya buluu yenye shaba ndani, akauyeyusha katika chungu cha udongo, kwa sababu mrututu hula ndoo ya bati mpaka ikatoboka. Chungu cha pili kilikuwa na chumvi ya zinki. Alichanganya maji ya vyungu hivyo, kisha akamimina ya magadi polepole, kama anayemnywesha mtoto mgonjwa, mpaka tope laini la buluu na kijani likatuama chini. Alilichuja kwa kitambaa cha marekani, akalianika, akalisaga. Unga huo wa madini mawili ulitakiwa uue konokono wa madimbwi, wale wanaoeneza kichocho.

Kichocho hakikuwa kwake habari ya vitabuni. Mdogo wake, Akurut, aliolewa katika kijiji cha Mella, na maji yake yote aliyachota katika dimbwi moja. Binti wa Akurut, Adeke, mwenye miaka sita, alikuwa ametoka hospitali siku chache tu zilizopita. Tumbo lilikuwa limepungua, damu chooni imekoma. Daktari alimwonya mama mtu: mtoto huyu asiguse tena maji yale. Lakini maji mengine yalikuwa mwendo wa nusu siku.

Msimamizi wa chumba alikuwa Bwana Chrispinus, Msamia wa Busia upande wa Kenya, mtu mchangamfu mwenye haraka. Jumatano moja mchana aliinamia chupa akahesabu walioanguka. Ishirini kati ya ishirini.

"Mama, tumewamaliza! Ijumaa tunamwaga dawa Mella. Namwandikia chifu sasa hivi awaambie watu kwamba baada ya juma moja waingie majini bila hofu."

Asekenye aliichungulia ile chupa. Sura ya konokono aliyekufa aliijua tangu utotoni. Hulegea, nyama ikaning'inia nje ya gamba. Hawa walikuwa wamejikaza, wameingia ndani kabisa.

"Hawajakufa hawa, Bwana Chrispinus."

"Wamekwenda wapi basi, sokoni?"

"Wamejificha. Wameonja ukali wa mrututu, wakaingia ndani kusubiri upite."

"Unawaonea huruma! Wachukue basi nyumbani ukawapike."

"Nikiwapika watatoka kwenye sufuria watembee. Nipe mpaka kesho asubuhi."

"Na chifu nimwambie nini?"

"Mwambie anayeosha chupa amekataa." Kisha akaacha mzaha. "Mtoto wa mdogo wangu atakuwa wa kwanza kuingia majini, bwana. Tukikosea, tutakuwa tumemrudisha hospitali kwa mikono yetu."

Chrispinus aliiweka kalamu chini.

Asekenye aliwasuuza konokono wote ishirini, akawatia katika maji safi ya mvua, akawawekea jani la kabeji. Asubuhi kumi na watatu walikuwa wakipanda kioo, pembe zao zimenyooka. Mmoja alikuwa amekwisha kula robo ya jani.

Chrispinus aliwahesabu tena. Kisha akacheka, akijicheka mwenyewe.

"Wamerudi kutoka sokoni," alisema, akaichana barua aliyokuwa akimwandikia chifu.

Kwa majuma saba Asekenye alibadilisha vipimo. Shaba peke yake iliwafanya wajifiche ndani ya magamba kabla haijawadhuru. Shaba nusu na zinki nusu iliwaua wachache mno. Lakini alipotia sehemu tatu za shaba kwa moja ya zinki, na magadi ya kutosha, unga uliyeyuka taratibu sana hata wasiuonje ukali wake, na chupa ikanyamaza. Hakuna aliyeanguka. Konokono waliendelea kutambaa na kulamba tope lenye unga ndani yake, kisha wakasimama walipokuwa, wakalegea. Aliwasuuza, akawapa maji safi na jani. Siku moja, siku mbili. Jani lilibaki zima. Alirudia jaribio mara tatu, na mara zote alijua atakachokiona kabla hajafunua chupa.

Katika daftari la chumba Chrispinus aliandika: *Walioanguka wasihesabiwe siku ileile. Watiwe kwanza katika maji safi.* Chini yake akaandika: *Asekenye.*

Mella walikwenda na magunia mawili ya unga na vikapu vya wavu wa waya. Kabla ya kumwaga, Asekenye alitia konokono hai katika kila kikapu, akavizamisha katika pembe zote nne za dimbwi. Juma lilipopita aliwatoa, akawaweka katika mabeseni ya maji safi ukingoni, watu wote wawaone. Kwa siku mbili wanakijiji walipita wakiinama na kuchungulia, wazee kwa watoto. Hakuna konokono aliyetambaa.

"Mayai huenda yamebaki," alimwambia Chifu Oriokot. "Kila mwezi nitakuja kuwatafuta. Nikimwona hata mmoja, utawazuia watu siku hiyohiyo."

"Nitawazuia," alisema chifu. Kisha akautangazia umati kwamba maji yako salama.

Hakuna aliyesogea. Walitazama dimbwi, wakatazamana. Akurut alikuwa mbele, mtungi kiunoni, Adeke ameshika sketi yake.

"Serikali imesema maji ni mazuri," Akurut alisema, bila kumtazama chifu. "Hiyo nimesikia. Wewe, dada yangu, unasemaje?"

Asekenye alipita mabeseni yote manne kwa mara ya mwisho, akimgeuza kila konokono kwa kidole. Alipomaliza alimwendea mdogo wake, akasimama karibu naye, bega kwa bega, wote wakiyaelekea maji.

"Chota," alisema, kwa sauti ambayo Akurut peke yake aliisikia.